Kompyuta Iliyosema Jirani Yangu Analala Vizuri

Mtu akiniuliza ninalala saa ngapi, kwanza namwangalia mikono. Hapa mtaani Mbotela, Nairobi, anayetaka kujua saa yako ya kulala ana mpango na nguo zako kwenye kamba. Kwa hivyo mjukuu wangu alipoleta fomu za usingizi kutoka chuoni, anakosomea afya ya jamii, nilikataa kuzigusa siku mbili nzima. Akaniambia bila hizo fomu hamalizi masomo, na akina mama wa kikundi chetu cha kanisa hawatamjibu yeye, wananijua mimi. Hapo akanishika.

Nikazunguka nazo. Shule niliachia darasa la tatu, na si kwa ujinga, ni mbuzi wa baba walikosa mtu, lakini hayo tuyaache. Namba naandika vizuri. Nikauliza akina mama thelathini: unapanda kitandani saa ngapi, unaamka saa ngapi, usingizi wenyewe ni masaa mangapi, unaamka kwenda choo mara ngapi. Mmoja akauliza kama hii ni serikali. Nikamwambia hata mimi nashuku hivyo, wewe jibu tu.

Jumamosi mchana mjukuu, anayeniita Shosh kama wajukuu wote wa hapa, akaingiza majibu yote kwenye kompyuta, kwa programu ya kupiga hesabu za utafiti.

"Kila mtu anapata alama, Shosh. Zikipita tano, usingizi wake ni mbaya."

"Yaani kupata nyingi ndiyo kufeli?"

"Hapa ndiyo."

Hilo peke yake likanitia shaka. Nikauliza jirani yetu wa mlango wa pili amepata ngapi.

"Tano. Huyo analala poa."

Sasa huyo mama namjua. Kila asubuhi anatembea kwa miguu hadi kiwandani Industrial Area, na kanisani anasinzia kabla mahubiri hayajaanza, mdomo wazi. Nimemfinya mpaka nimechoka. Na ukuta wetu ni mwembamba, namsikia akijigeuza.

"Hiyo kitu inadanganya," nikasema.

"Haidanganyi, Shosh. Inafuata hesabu."

"Ya nani?"

"Ya aliyeitengeneza."

"Unamjua?"

Akarudi kubonyeza kompyuta.

"Basi mtu humjui anakupa habari za jirani yangu. Leta karatasi yake."

Akaitoa akinung'unika. Kulala, 4. Kuamka, 5. Usingizi, masaa manne. Akaiangalia sana, uso ukabadilika. Akanieleza kwamba programu inagawanya masaa ya usingizi kwa masaa ya kukaa kitandani.

"Hapa amekaa kitandani saa moja, na ndani ya hiyo saa moja akalala masaa manne. Ndiyo maana ikampa alama nzuri."

"Alilala saa nne usiku, wewe. Alinitajia kwa mdomo."

"Na hii tano ya kuamka?"

"Hiyo nilinakili kwa simu yake. Kengele imeandikwa 5:00."

Sisi tunasema saa kumi na moja, lakini simu ina saa zake za Kizungu, na mimi niliandika nilichoona. Mjukuu akaanza kupekua zile zingine. Wengine walinitajia, wengine nilisoma kwa simu, na sikukumbuka nani ni nani.

"Shosh, umenimaliza. Kazi naipeleka Jumatatu, na mwalimu alishanirudishia mara moja. Akirudisha tena, narudia mwaka."

Ningependa kusema kwamba niliomba msamaha. Kwanza nilimlaumu aliyetengeneza simu. Kisha nikamwambia tujaze kwa kukisia, na hapo akanikazia macho kama mamake.

Jumapili baada ya ibada tulisimama mlangoni mwa kanisa tukauliza upya, saa za kulala na za kuamka tu, yeye akiandika, mimi nikizuia watu wasiondoke. Walituangalia vibaya. Jirani alipouliza hii mara ya pili ni ya nini, nikamwambia ni simu yake iliyokosea. Mchana kompyuta ikampa jirani alama nane.

Mwalimu alikubali kazi. Mjukuu aliporudi nilimwambia anisomee pale nilipotajwa. Imeandikwa: "Mkusanyaji alichanganya mitindo miwili ya kusoma saa, na majibu yakaulizwa upya." Nikauliza mbona haikusema ni mkusanyaji huyohuyo aliyegundua.

"Hakukuwa na nafasi, Shosh."

Nilihesabu kurasa. Zilikuwa sitini na mbili.