Diwani Mlangoni mwa Wodi

Kufikia mwaka wa 2004, Diwani Sellah Nangila alikuwa ameshang'olewa meno kwa ngumi za siasa za Kamukuywa. Maduka mapya sokoni aliyapigania yeye mwenyewe. Alichokataa ni tajiri mmoja wa Kitale kuyajenga kwa kubomoa wodi ya akina mama kujifungua ya hospitali iliyo kando ya soko.

Asubuhi moja tajiri huyo alituma vijana wenye marungu na nyundo. Walimpiga soja wa langoni hadi akazirai, wakaponda stoo ya dawa, kisha wakageukia wodi. Mlangoni wakamkuta Sellah.

Kiongozi wao alirudi nyuma, macho chini. Alikuwa Hesbon, mume wa binti yake. Alikuwa ameambiwa mama mkwe yuko mkutanoni Bungoma, na kwa mila Mbukusu hamsogelei mama mkwe, sembuse kumgusa. Sellah alijua hivyo, na alijua ni Hesbon anayekuja. Ndiyo maana alisimama pale bila hata fimbo.

Lakini wale wengine hawakuwa wakwe zake. Rungu lilimpasua kichwa, akaanguka. Walipoona damu inavyomwagika, wakatimua mbio.

Hesbon alibaki peke yake, hasogei.

"Mama, siwezi kukushika. Ni mwiko."

Sellah akatema damu. "Kunivunjia hospitali si mwiko, kunibeba ndio mwiko? Nibebe, bana."

Akambeba hadi kitandani. Muuguzi akabana kidonda kwa kanga, akamwambia Hesbon akimbie stoo alete uzi wa kushonea.

Hesbon hakwenda. Kabati la uzi alikuwa amelivunjavunja yeye mwenyewe.