Dadu Nyuma ya Katoni

Jumamosi nilikuwa hotelini hapa Meru mjini nikingoja mvua iishe, na meza ya jirani ikaninyima raha. Vijana watatu walikuwa wakicheza mchezo wa hadithi: mmoja anasimulia, wenzake ndio mashujaa, na dadu huamua nani atapona. Msimulizi alirusha dadu nyuma ya katoni ya maziwa, akiiona peke yake.

Zimwi likamvamia shujaa wa msichana mmoja, shujaa aliyemlea tangu mwaka jana. Msimulizi akarusha, akachungulia, akakohoa. "Limekukosa."

"Wacha hizo," msichana akasema. "Kwetu Runyenjes karani anayenunua chai akituficha mizani, tunarudi nyumbani na majani yetu ya chai. Rusha hapa mezani."

"Utampoteza, dada."

"Basi nimpoteze nikiona."

Mimi ujanja hunipandisha hasira, kwa hivyo nilisogeza kiti nishuhudie. Dadu ikabingirika hadi ukingoni, karibu na kiwiko changu. Shujaa akafa.

Msichana akaikunja karatasi ya shujaa wake. "Sawa. Nipe karatasi mpya."

Nilimpongeza kwa sauti. Sikumwambia kwamba dadu ilipokaribia kusimama, kidole changu kilikuwa tayari kuisukuma, ili shujaa wake apone.