Mdomo wa Adelmo

Ermete Zamboni alibakiwa na mtu mmoja tu duniani, naye ni Adelmo. Mke alishatangulia. Watoto hawakujaliwa. Kiwanda cha mashine za kufungashia majani ya chai, alikotumika tangu ujana, kilimpa saa ya ukutani na kumpungia mkono. Wapangaji wenzake pale Bologna walihama mmoja mmoja, na vyumba vyao vikageuzwa vya wageni wa siku mbili tatu, wale wanaokuja kuona minara na makanisa, wakala, wakapiga picha, wakaenda zao. Ermete alipishana nao kwenye ngazi wakiburuta masanduku. Walimsalimia vizuri kabisa. Kesho yake walikuwa wengine.

Ndiyo maana Alhamisi ilikuwa roho yake. Kila Alhamisi mchana yeye na Adelmo walikaa kwenye baa ya Silvana, meza ya ndani kabisa karibu na friji, wakacheza karata na Vanes na shemeji yake Vanes. Ungemwona Ermete anashuka ngazi siku hiyo, kanyoa ndevu, kavaa koti, ungedhani anakwenda kuposa.

Katika mchezo huo walio upande mmoja hukaa wakitazamana, nao wanaruhusiwa kupashana habari kwa uso, mradi wapinzani wasiwadake. Ukishika mfalme wa turufu unainua macho juu. Ukishika tatu ya turufu, ambayo hushindwa na ree peke yake, unapinda mdomo. Hakuna aliyeusoma uso wa Adelmo kama Ermete. Hata mkewe Adelmo, alipokuwa hai, alikuwa akimuuliza Ermete, "Hivi leo huyu kanuna au ana njaa?"

Alhamisi hiyo baa ilifurika wageni. Meza ya jirani alikaa mama mmoja wa Denmark na mumewe, waliokuja kwa siku tatu kutembelea makumbusho.

"Silvana," Vanes aliita, "na sisi tuandike kwenye menyu basi. Wazee wanne, wakavu."

"Nani akununue wewe," Silvana akajibu. "Una nyama gani?"

Vanes akatupa karata yake. Zamu ya Ermete ikafika, naye akainua macho kumtazama mwenzake. Mdomo wa Adelmo ulikuwa umevutika upande wa kushoto. Moyo wa Ermete ukacheza. Tatu ipo! Akaishusha ree yake ya vikombe, si turufu lakini karata nono kweli, yenye alama nyingi, akijua Adelmo anacheza wa mwisho na kwa tatu yake atazoa zote. Shemeji akacheza ya kwake.

Adelmo hakucheza.

"Anafikiria," shemeji akasema.

"Anafikiria au anasali?" Vanes akauliza. "Cheza, mzee. Supu inapoa nyumbani."

Mdomo ulibaki vilevile. Ermete alimkonyeza, yaani basi, nimeshaona, usizidishe. Adelmo alimtazama kama mtu anayetazama ukuta.

Yule mama mgeni akasimama. Kiitaliano chake kilikuwa cha kuokoteza. "Samahani. Bwana huyu, mgonjwa. Uso wake. Tazameni uso."

Meza nzima ikacheka, na Ermete ndiye aliyecheka kuliko wote. "Kaa ule, mama. Ni mchezo huo. Sisi ndivyo tunavyoongea."

"Hapana. Mdomo..."

"Mama, unatutobolea siri zetu." Kisha akawageukia wenzake. "Wageni bwana. Asubuhi wanasoma kitabu, mchana wanatufundisha karata."

Mumewe akamvuta mkono, yule mama akakaa. Hakula tena. Vanes akaagiza divai nyingine, akasimulia habari ya jirani yake na mbwa, akaimaliza. Ndipo vidole vya Adelmo vikalegea na karata zikaanguka mezani, nyuso juu.

Kitu cha kwanza alichofanya Ermete ni kuzitazama karata. Tatu haikuwemo. Hapakuwa na turufu hata moja. Baada ya hapo ndipo alipomtazama mwenzake.

Hospitalini, Loredana, binti yake Adelmo, alimkuta Ermete kwenye benchi la nje ya wodi.

"Mjomba, daktari anasema angefika mapema ingekuwa afadhali. Ilianzaje?"

"Ghafla tu."

"Hamkuona dalili yoyote?"

"Hatukuona, mwanangu."

Adelmo hatasema tena, daktari alishawaambia, na mkono wa kulia umekwisha. Loredana atamchukua kwake Torino. "Utakuja kumwona," alisema, na Ermete akaitikia kwa kichwa, ingawa wote wawili walijua miguu yake haiwezi tena safari.

Jumamosi alipita kwa Silvana. Hakuwa na pengine pa kwenda. Yule mama akaingia na sanduku lake, akaja moja kwa moja hadi kaunta.

"Yule bwana?" akauliza.

Silvana akajishughulisha na glasi.

"Anaendelea vizuri," Ermete akasema.

Mama akashusha pumzi. "Mimi naomba msamaha. Mimi nilikaa. Nilisema moyoni, hawa ndio wanaomjua."

"Treni itakuacha, mama," Ermete akasema.

Yule mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka. Silvana akaweka glasi chini.

"Alhamisi niwawekee meza?"

"Wape wageni," Ermete akasema.