Injini Iliyokataa Kulala

Mashine ya kukata nyasi ni kitu cha kuchekesha mjini Voi. Mvua ikigoma, mbuzi wa kwetu hula maboksi, na nyasi yenyewe uitafute kwa miwani. Lakini mashine hiyo ilikuwepo, katika ua wa nyumba moja ya wageni kando ya barabara ya Mombasa. Kiangazi kilipoimaliza bustani, mtunza bustani akampa baba yangu, kwa kuwa walisali kanisa moja. Mama aliizunguka mara mbili, akauliza tutakata nini.

Baba alisema hakati kitu. Anataka injini tu, ajitengenezee gari.

Ilikuwa miaka ya sabini, na baba hakuwa na miguu kuanzia magotini. Alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa, na siku moja behewa lilirudi nyuma kabla hajatoka. Sitaeleza zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe hakueleza. Tangu atoke hospitali alisafiri kwa wilbaro, na aliyeisukuma ni mimi, kifungua mimba wake, msichana mwenye mabega ya kazi na mdomo wa kujibu. Nilimsukuma kanisani, sokoni, kwa kinyozi. Watu walinisalimia mimi. "Habari ya mzee?" waliniuliza, na mzee yuko palepale, amekalia gunia, anawatazama. Nilijibu kwamba hajambo, tukaendelea. Sikuona ubaya wowote.

Siku chache kabla mashine haijaletwa, nilikuwa nimeitwa kufundisha shule moja ya msingi huko Taveta. Nilikataa. Nilisema watoto wa Taveta watapata mwalimu mwingine, lakini baba hana mtu mwingine. Mwalimu mkuu aliniomba nifikirie mpaka shule zifunguliwe. Mama alinishukuru huku akilia. Baba aliomba tu ujumbe wake upelekwe kwa yule mtunza bustani.

Tulianza kazi nyuma ya jikoni. Baba alikaa juu ya kreti la soda akielekeza, mimi nikashika spana. Fremu ilikuwa ya mabomba, fundi wa kuchomelea alituunganishia. Magurudumu mawili ya nyuma yalitoka kwenye mkokoteni uliovunjika. Lilibaki la mbele.

"Toa hiyo gurudumu ya wilbaro," baba alisema.

"Baba, tungoje kwanza injini ikubali."

"Toa."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Na Jumapili utaendaje kanisani?"

"Nitaenda na gari."

"Na ikikataa?"

"Basi nitakaa."

Nikalitoa. Wilbaro ikabaki imeinama puani kwenye vumbi, haina maana tena.

Injini ya kukata nyasi imetengenezwa isimame. Shafti yake, kile chuma kinachozunguka, hutazama chini ili izungushe kisu kilicholala juu ya ardhi. Ekseli ya gari nayo hulala, ili magurudumu yasimame. Tulifanya ambalo mtu yeyote angefanya: tuliilaza injini ubavuni, shafti na ekseli zitazame upande mmoja. Nilivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Ilipowaka ilitoa moshi mweupe uliowatoa majirani nje, ikakohoa, ikazima. Plagi niliikuta imelowa oili. Kumbe ndani mna kijiko kidogo kinachochota oili kutoka chini na kuirusha juu, na ukiilaza injini, oili inahama na kijiko kinachota hewa. Tukaikausha, tukailaza ubavu wa pili. Safari hiyo iligonga vibaya ndani, baba akapiga kelele niizime kabla haijajiua.

Jumapili ya kwanza baba hakwenda kanisani. Ya pili hakwenda. Alikaa mlangoni akisikiliza kengele, amevaa shati lake la ibada na tai. Siku hiyo nilishindwa kuvumilia, nikatupa spana ikagonga ukuta.

"Turudishe gurudumu, nikupeleke!"

"Halirudi," alisema.

Wakati huo ndipo bibi alipoteremka kutoka Werugha, milimani kwenye baridi, mama yake baba, na kikapu cha kabeji na sweta ambalo hakulivua hata kwa joto la Voi. Aliitazama injini, akatutazama sisi mmoja mmoja, akauliza kwa Kidawida, lugha ya kwetu, ni nani hapa ana hasira moyoni.

Kwetu Taita, jambo likigoma bila sababu, wazee huuliza hivyo. Anayeulizwa huchukua kinywaji mdomoni, akakipuliza nje, akasema kilichomkaa moyoni na kuomba amani. Ndiko kutasa. Zamani walitumia pombe ya miwa. Mama akasema sisi ni watu wa kanisa. Bibi akamjibu kwamba maji ya mtungi hayana dini, akamtilia mwanawe kikombe.

Sote tulidhani atasema habari ya reli. Baba alipuliza maji chini mbele ya kreti.

"Nina hasira na huyu mtoto," alisema, akininyooshea kidole.

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Behewa ilichukua miguu yangu. Yeye amekuja kunipa yake. Nani alimuomba? Watu wanamsifu, binti mzuri, na mimi niko kwa wilbaro, mimi ndiyo nimemfunga. Nikimwambia aende Taveta atabishana mpaka kesho. Kwa hivyo nataka gari." Alichukua maji tena, akapuliza. "Hasira itoke. Ibaki amani."

Bibi aliitikia. Mimi sikuitikia. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na sikulia kwa huruma, nililia kwa uchungu. Nilikuwa nimempa kila nilichokuwa nacho, na sasa naambiwa kinamuumiza. Nilimchukia kwa muda wa jioni nzima, nikiwa nampakulia ugali.

Asubuhi nilimsindikiza bibi kwenye basi. Kikapu chake nilikitundika begani, na kamba ya ngozi ikawa imejipinda: begani imelala bapa, chini kwenye mdomo wa kikapu imegeuka ubavu. Lakini ilibeba vilevile. Nilisimama katikati ya barabara mpaka lori likanipigia honi. Bibi akaniuliza kama nimeugua.

Nilirudi mbio na kusahau kwamba nimenuna. "Baba, tuiache isimame! Tutafunga mkanda, mkanda ndio ujipinde!"

Alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali. Tuliisimamisha injini kama ilivyozaliwa, puli moja, kigurudumu cha kupitisha mkanda, chini yake, nyingine kwenye ekseli, na mkanda wa mashine ya kusagia posho ukajipinda robo mzunguko kati ya hizo mbili. Ulichomoka mara nyingi. Aliyeuponya ni baba, kwa jicho lake la reli. "Mkanda ukitoka kwa puli haina neno," alisema. "Shida ni vile inaingia. Iingie imenyooka." Nikasogeza puli, nikasogeza tena, mkanda ukatulia. Tukaweka mtaimbo wa mkono: akiuvuta, mkanda unakaza na gari linakwenda, akiuachilia, mkanda unalegea, gari linasimama. Kamba ya kuwashia niliipitisha mahali ambapo angeweza kuivuta mwenyewe akiwa ameketi.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani peke yake. Kelele za gari zilimtangulia, mchungaji akangoja zizime ndipo aombe.

Nilimpelekea mwalimu mkuu jibu kwamba nakubali. Shule zilipofunguliwa, baba alisema atanipeleka stesheni. Gari lilikuwa na kiti kimoja, kwa hiyo sanduku langu lilipanda, mimi nikatembea kando. Karibu na stesheni kuna mwinuko wenye mchanga. Hapo injini ilizidiwa. Magurudumu yakaanza kuchimba, mkanda ukalia, gari likaanza kusita. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mgongo wa kiti, mahali palepale ulipozoea.

"Toa mkono," baba alisema bila kugeuka.

"Baba, litakwama."

"Toa."

Niliutoa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumsukuma. Alilegeza mkanda, akaacha injini ipate pumzi, akaukaza polepole. Gari likatetemeka, likatambaa, likapanda.

Pale stesheni, mpagazi aliyetufahamu tangu siku za wilbaro alishusha sanduku, akanigeukia kama kawaida yake. "Habari ya mzee?"

Niligeuka kumtazama baba. Treni ya Taveta ilikuwa imeshaanza kupuliza filimbi.

"Mimi mzima," baba alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Nimemleta binti yangu. Anaenda kazini."