Vidonda vya Tumbo vya Mwalimu Athanas

Jumuiya nzima ya Mtakatifu Monika, pale mtaa wa Mafiga, ilijua kwamba Athanas anasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Aliyewaambia ni yeye mwenyewe. Alipoacha ghafla kufundisha kwaya watu walimuuliza kulikoni, naye hilo la vidonda likamtoka tu, maana ni ugonjwa wa heshima. Hakuna anayekucheka kwa vidonda vya tumbo.

Alichosahau ni kwamba watu wa jumuiya hawana dogo. Mama Jesca alileta juisi ya kabichi na kusimama mlangoni mpaka glasi ikaisha. Mwingine alileta maziwa, mwingine uji wa ulezi. Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa jirani, Athanas, mzaliwa wa Mgeta huko milimani, mtu aliyekuzwa kwa maharage, alinyang'anywa sahani ya maharage mbele za watu, kwa upendo kabisa, akapewa viazi vya kuchemsha. Kila wema ulimwongezea mzigo, kwa sababu tumbo lake lilikuwa zima, lingesaga hata mawe.

Kilichokuwa kinamuuma hakikuwa na mahali pa kushika. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu kwenye cherehani anayoshonea riziki yake, na nyimbo alizozipenda zikawa kelele. Daktari wa hospitali moja mjini alimwambia ni sonona, pamoja na wasiwasi uliopita kiasi, akampa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Alianza kupata nafuu. Kisha siku moja, akiwa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, akamwona mwanakwaya wake anapita. Aliinama upesi kama mtu anayefunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na kandambili. Hakurudi tena. Dawa ziliisha, na hali ikawa mbaya mpaka mkewe Filomena akaogopa kumwacha peke yake hata kwa safari ya sokoni.

"Baba Furaha," alimwambia, "siwezi kuendelea kuwa peke yangu ninayejua. Na mimi nachoka."

Maneno hayo yalimchoma. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya. Ulipofika wakati wa kutaja nia za sala, mwenyekiti, mzee Yeremia, akaanza kuliombea tumbo la Athanas. Athanas akainua mkono.

"Mzee wangu, naomba nikukatishe. Sina vidonda vya tumbo, niliwadanganya. Nina sonona. Nilikuwa natumia dawa za kliniki ya akili, nikaacha kwa aibu. Kuna siku naona afadhali nisingeamka. Sijarukwa na akili, jamani. Naumwa, na ninaogopa."

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Jesca.

"Na ile juisi yangu ya kabichi?"

"Niliinywa yote, mama. Unisamehe."

Mama Jesca alicheka huku machozi yanamtoka. Athanas naye akalia, mtu mzima, mbele ya wageni wake, na hakuna aliyemwambia ajikaze.

Mzee Yeremia alimgeukia. "Mwanangu, haya mambo siyajui vizuri. Sasa tukuombee nini?"

"Niombeeni tu, mzee. Lakini Jumatano nataka kurudi kliniki, na lile benchi peke yangu linanishinda."

Jumatano aliondoka nyumbani na Filomena, akidhani ni wao wawili tu. Walikuta benchi la kliniki limejaa. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa na vitenge vyao vya sare, mzee Yeremia kati yao, kofia magotini. Jumuiya huenda kumwona mgonjwa kwa pamoja, ndivyo walivyozoea, na hawakujua namna nyingine. Mama Jesca alisogea akampa nafasi.

"Kaa hapa katikati," alimnong'oneza. "Atakayepita hatajua anayeumwa ni nani."

Athanas alikaa. Watu walipita, wakasalimia, wakaitikiwa. Baadaye nesi alitoka na kadi mkononi, akalitazama lile benchi zima la sare, asielewe.

"Jamani, mgonjwa ni yupi?"

Wote walitazama mbele, kila mmoja yuko radhi adhaniwe ni yeye.

"Ni mimi," alisema Athanas, akasimama.