Siku Tuliyochoma Begi la Baba

Nilipokuwa darasa la nane, baba yangu alinyamaza miezi kumi na mmoja. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo, na kila alipofika bandari yoyote alikuwa akipiga simu kwa jirani, nasi tukiitwa mbio kwenda kuongea naye. Mwaka ule, kimya. Shangazi yangu wa Kinoo akasema wazi kile ambacho kijiji chetu kizima cha Mutuini kilikuwa kikinong'ona, kwamba mabaharia wana wake kila bandari. Baba aliporudi, amekonda, na begi dogo jeusi la kufungwa kwa ufunguo, nilikataa hata kumpa mkono. Mama alituambia ati meli ilizuiliwa mahali. Nilicheka. Sikumwuliza baba alikuwa wapi, nilikuwa nimeshajijibu.

Mimi nina hasira za karibu, lakini hiyo moja iliniganda. Baba alistaafu, akafuga ng'ombe wawili, akajenga nyumba za kupangisha, akafanywa mzee wa kanisa. Alhamisi moja kila mwezi alivaa suti nyeusi, akachukua begi lake, akaenda mjini. Alisema ni mkutano wa mabaharia wa zamani. Nikajisemea, haya, yule mwanamke wa bandarini kumbe amehamia Nairobi.

Alifariki mwaka huu, ghafla, akikamua ng'ombe. Siku mbili kabla ya mazishi tulikosa kitambulisho chake, na mama akanipa ufunguo wa begi nikitafute humo. Shangazi alikuwa kando yangu. Kwanza nikatoa glavu nyeupe. Halafu aproni. Nina bucha Dagoretti, ngozi ya kondoo naijua hata nikifumba macho, na ile ilikuwa ya mwanakondoo, laini ajabu, imezungushiwa utepe wa buluu. Katikati ilikuwa imetariziwa bikari ya kuchorea duara na skweya ya fundi, na jicho moja limenikodolea.

Shangazi aliketi sakafuni. "Frimasoni," akasema.

 Huku kwetu ukisikia Frimasoni umesikia shetani, wale watu wanaotoa wenzao kafara wapate mali. Na baba yangu, mzee wa kanisa, aliyetupitishia meza ya Bwana kwa mikono yake! Nilianza kuwahesabu waliokufa katika ukoo wetu, mmoja mmoja. Nilimfikia hadi kaka yangu aliyegongwa na lori, nikaona, ndio hivyo basi, nyumba zetu za kupangisha zimetoka kwa damu yake. 

Chini ya aproni kulikuwa na furushi la bahasha limefungwa kwa kamba. Ile ya juu ilikuwa na jina langu kwa mwandiko wa baba. Nilinyoosha mkono, lakini mchungaji alikuwa ameshaitwa na shangazi, amefika na kikundi cha maombi, naye akanikataza. Kilicholala na vitu vile kimechafuka, alisema, tusisome hata neno moja, na visipochomwa vyote leo yeye hamziki. Mama alinitazama mimi niamue. Nikasema vichomwe. Wala sikuishia kusema, mafuta ya taa niliyamimina mimi mwenyewe, nyuma ya zizi, saa sita mchana, watu wakiimba. Ngozi ilisinyaa polepole ikitoa harufu ya kazini kwangu. Karatasi zilishika mara moja. Haki ya Mungu, nilifurahi.

Siku ya mazishi wakaja wazee watatu wenye suti nyeusi na glavu nyeupe. Watu wakawapisha kama wenye ukoma. Mmoja, mzee wa Pwani mwenye mkongojo, akaniomba kwa upole aproni ya baba waiweke ndani ya jeneza. Ndiyo desturi yao, alisema, na baba aliiomba. Nikamwambia tumeichoma. Alifumba macho, na upole wake ukanipandisha mori. Nikamwuliza kama naye alifundishwa huko kuficha wake wa bandarini.

Alinishangaa. Ndipo akanieleza kwamba yeye na baba walikuwa meli moja mwaka ule wa kimya. Mwenye meli aliwatelekeza katika bandari ya ugenini, na serikali ya huko ikawazuia humo humo melini, hawaruhusiwi kushuka, simu hakuna, chakula kimewaishia. Waliowaletea maji na unga kwa mashua ni Frimasoni wa mji ule. Walipoachiliwa, yeye na baba wakaomba kujiunga. 

"Na kila Jumapili alikuandikia barua," akasema. "Wewe. Serikali ya huko haikuruhusu zitoke melini, akarudi nazo. Alikukuta umekasirika, akaniambia atakupa siku utakapomwuliza alikuwa wapi." Akaniangalia. "Ulimwuliza, mwanangu?"

Nyuma ya zizi jivu lilikuwa bado halijazolewa.

Nikasema ndiyo. Nikasema nilimwuliza, akanipa, nikazisoma zote. Yule mzee alivua glavu, akanipa mkono, nami nikaushika.

"Basi alikufa ametulia," akasema.

Mchungaji akatuita tuje tuanze.