Nani Alivaa Jezi Namba Kumi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kuambiwa kwamba yule kocha wa wasichana wa Ansab, hapa Maskati, amefariki, kwao Kenya, na ameshazikwa. Aliyenipigia ni mmoja wa kina mama niliokuwa nikikaa nao kwenye mkeka pembeni ya kiwanja na chupa zetu za chai, na alikuwa akilia kweli. "Bibie, wewe ndiye unayejua kuandika," akaniambia. "Mwandikie maneno mazuri." Nikamwambia nitaandika. Maneno mazuri sikumuahidi. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnanijua: maiti simtukani, lakini na mafuta simpaki.

Haya, nianze na mazuri, maana yapo. Alikuwa fundi wa viyoyozi, goti lake moja bovu, na mwishoni mwa miaka ya tisini alianzisha timu ya wasichana wakati hapa Maskati hapakuwa na mtu aliyefikiria kitu kama hicho. Sisi Waomani tuliotoka Unguja tulimwambia binti zetu watacheza, lakini kwa stara. Hakubishana. Aliwavisha wote sare moja, watoto wetu na watoto wa Wakenya wenzake wa kanisani: suruali ndefu, mikono mirefu, na kitambaa cheupe kilichofungwa kisogoni, ili asijulikane mtoto wa nani ni yupi. Tulimpenda kwa hilo. Lakini mdomo wake, toba! Kila Alhamisi baada ya mazoezi aliwapanga mstari mbele ya mama zao, kuanzia aliye bora mpaka aliye ovyo, na wa mwisho akamwambia, "Wewe ni mzigo, basi beba mizigo wenzako," akamtwika mfuko wa mipira. Sisi kwenye mkeka tulicheka. Tulicheka kwa sababu wa mwisho hakuwa mtoto wetu. Mara nyingi alikuwa binti wa mama mmoja wa Kikenya aliyefua mashuka hotelini, mtoto hodari wa hesabu, mzito wa miguu, jezi namba nne.

Kisha ikaja habari ya Amerika. Kocha alisikia kwamba vyuo vya huko vinawasomesha bure wasichana wanaojua mpira, na tangu siku hiyo hakulala vizuri, wala sisi hatukulala. Mama waliokuwa wakija kupiga soga sasa walikuja kumpigia kelele refa. Mwanamke aliyeniazima sukari kila siku alinuniana nami mwezi mzima kwa sababu mpwa wangu aliingizwa uwanjani badala ya binti yake. Kocha akapanda juu ya paa la nyumba ya jirani na kamera ya kuazima, akapiga kanda ya mechi nzima, akaituma kwenye vyuo vya huko. Chuo kimoja kikajibu haraka: namba kumi ni nani? Tuleteeni habari zake. Namba kumi alikuwa mtoto wa Kiomani wa hapa mtaa wa Darsait, aliyefunga mabao matatu siku ile. Baba yake akasema, "Mpira acheze hapa. Amerika, kwa nani?" Na yakaishia hapo.

Yakaishia kwa baba, si kwa kocha. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya mtaa wa Ruwi, na barua zake zote za Kiingereza nilimpigia chapa mimi kwenye kompyuta ya kazini. Akaniletea karatasi yenye jina la namba nne, niandike kwamba ndiye namba kumi.

"Mwalimu," nikamwambia, "namba kumi si huyu."

"Sister, kwa hiyo video, nani atajua? Wote wamefunga vitambaa."

"Mie nnajua."

"Wewe unajua, Mzungu hajui. Na huyu mtoto ana maksi za kuingia chuo, hana tu mtu wa kumlipia. Kwani si tunamsaidia?"

Nikaandika. Hata kulazimishwa sikulazimishwa. Niliinyoosha barua ikapendeza, nikaisifu miguu ya mtoto ambaye wiki ile ile nilimcheka akibeba mfuko.

Mtoto mwenyewe hakuambiwa lolote. Aliambiwa tu kwamba kati ya wote, Wamarekani wamemchagua yeye. Mama yake alipiga magoti pale pale kwenye mchanga, kocha akapigwa picha, na timu ikajaa wasichana kutoka kila pembe ya mji, maana sasa alikuwa kocha aliyepeleka mtoto Amerika. Msichana akaondoka na koti la kuazima. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi.

Alikuja kwangu, akakaa kochini, akanisimulia. Kocha wa kule, alipoona mpira haumkai miguuni, alimketisha mbele ya televisheni, akaweka kanda ile, akamwambia amwonyeshe yeye ni yupi. Akanyoosha kidole kwa namba nne, yule anayehema nyuma ya namba kumi, kitambaa kimemlegea. Yule kocha akazima televisheni, akamwambia ufadhili wake umekwisha. "Hata hakunikasirikia, auntie," akaniambia. "Alinionea huruma. Nilifanya nini?" Nikammiminia chai, nikasema, "Mambo ya Wazungu hayo, mwanangu, hayaeleweki." Ndivyo nilivyomjibu. Alipokwenda kwa kocha wetu, huyo ndiye aliyemmaliza kabisa: "Nilikufungulia mlango, ukashindwa kuingia." Na mama yake akaendelea kufua mashuka.

Miaka mingi nimejipumzisha kwa kumlaumu yeye. Hata makala hii nilianza kuiandika kwa furaha fulani, nikijua kwamba hawezi kunijibu. Nilitaka kuwaeleza jinsi tulivyowapanga watoto wetu mstari kama samaki wa mnadani, tukawaita mizigo, na jinsi mtu mmoja alivyouza miguu ya mtoto kwa jina la mtoto mwingine. Namba kumi sasa ana watoto wake, na nadhani habari hii anaisoma hapa kwa mara ya kwanza. Anisamehe.

Lakini juzi, nikiwa sijamaliza kuandika, ikaingia simu kutoka Kenya. Ni namba nne. Nilimjua kwa neno la kwanza.

"Auntie, kocha alinipigia kabla hajafa," akasema. "Aliniambia yote. Alilia, akaniomba msamaha, nikamsamehe. Miaka hii yote nilidhani siku ile ya kanda nilicheza vizuri, halafu nikaharibikia huko." Akaendelea, "Alisema barua iliandikwa na mtu wa ofisi ya Ruwi, lakini akakataa kumtaja. Ni wewe?"

"Ni mie."

"Na ulijua mimi ni namba nne?"

"Nilijua." Nikamwambia, "Mwanangu, niwie radhi."

"Yeye aliniomba bila mimi kumuuliza," akasema, na akakata simu.

Basi wasomaji wangu, aliyekufa amekufa mwepesi kuliko mimi ninayeishi. Mkiwa na mtoto anayecheza, mwambieni ukweli wa miguu yake mngali naye nyumbani. Na kama yuko mtu mliyemkosea, mwendeeni leo, msingoje mpaka akuulizeni.